Tope la Mjomba

Februari iliyopita nilivuka kwenda Kitunda kwenye msiba. Kivuko kilikuwa kimejaa pikipiki, matenga ya kuku na akina mama wenye ndoo za samaki. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na maji ya ghuba ya Lindi yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukingo akayatazama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Haya, wenzetu wa Masasi wameshatuletea mzigo."

Watu wakacheka. Mimi nilinyamaza, maana mzigo ule najua ulikopakiwa. Haukutoka Masasi wote. Kiasi fulani, hata kama ni kijiko kimoja, kilitoka kwenye bustani ya mjomba wangu, na kwa mila zetu bustani ile ni yangu pia. Kwetu mtu ni wa upande wa mama. Shamba la mjomba ni la ukoo, na ukimsema mjomba umejisema mwenyewe.

Kwa msiofahamu huku kwetu: mto Lukuledi unaanzia upande wa Masasi, unapita Ndanda, unashuka Nyangao na Mtama, kisha unamalizia safari yake hapo kwenye ghuba. Kusini mwake kuna mwinuko wa Makonde, kaskazini kuna mwinuko wa Rondo. Barabara ya kutoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi inaufuata mto karibu njia nzima, ila ukiwa ndani ya basi unaweza usiuone hata mara moja.

Maji ya huku yana tabia yake. Juu ya mwinuko wa Makonde hakuna mto. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, unabaki unashangaa imekwenda wapi. Inakuja kutokea chini ya miteremko kama chemchemi. Ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama wa Newala na Tandahimba walikuwa wakishuka genge alfajiri na kulipanda tena na mtungi kichwani, na ndiyo maana tangu miaka ya 1950 kuna mashine za kusukuma maji kutoka mabondeni kwenda juu. Masasi na Nachingwea leo zinakunywa maji ya chemchemi za Mbwinji. Katikati ya hayo walipita Wafini, watu wa Finland, miaka ya 1970 na 1980, wakatuachia visima na pampu za mkono ambazo baadhi yake bado zimesimama, nyingine zina mpini tu.

Ninayasema haya kwa sababu wengi wetu tunaamini maji yaliyotoka ardhini ni masafi kwa vile yametoka ardhini. Mchanga ni chujio zuri la tope, na safari ikiwa ndefu hata vijidudu vingi vinakufa njiani. Lakini chumvichumvi za mbolea zinapita, na baadhi ya dawa zinazoyeyuka majini nazo zinapita. Unachokimwaga juu, aliye chini atakikuta, kama si mwaka huu basi mwaka ambao umeshasahau kwamba ulimwaga.

Kijito chetu hakina jina kwenye ramani. Sisi tunasema "mtoni", basi. Kinaingia Lukuledi baada ya mwendo wa saa moja kwa miguu. Bustani ya mjomba iko ukingoni: kutoka kwenye maji hadi kwenye miembe ni hatua 70 hivi, na kwa urefu kandokando ya kijito ni hatua 40. Kiangazi analima mchicha, bamia na nyanya, anamwagilia kwa keni. Tuta la mwisho la mchicha lilikuwa karibu na maji kiasi kwamba ukiteleza unaoga.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hatua ya mjomba, na miaka yake ile, haifiki mita moja. Kwa hiyo mita 60 ni bustani nzima pamoja na miembe juu yake. Waliwahi kuja watu kutoka ofisi fulani, wakapima kwa kamba, wakachomeka vigingi vyenye rangi nyekundu, wakasaini kitabu cha wageni, wakaenda zao. Kigingi kimoja mpaka leo kinafungiwa mbuzi.

Siidharau sheria. Anayetaka kujenga kiwanda au kuchimba mchanga kwa malori mtoni, mletee sheria yote na vifungu vyake. Lakini kwa mtu mwenye matuta ya mchicha, sheria inayomwambia aache kila kitu ni sawa na sheria isiyosema kitu, kwa sababu hataifuata na wewe hutamfukuza. Na ukimlazimisha, kuna mfano wa Uluguru. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamrisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Wazo halikuwa la kijinga. Milima ile ni mikali na udongo ulikuwa ukiondoka kweli. Lakini ilikuwa amri, kazi ilikuwa ngumu, na aliyeichoka alitozwa faini. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, polisi wakapiga risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Nitarudi Uluguru baadaye kidogo.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu kinachochafua maji yetu, maana tope la bustani ni sehemu ndogo tu ya kesi.

Nianze na moto, na moto wa huku siwezi kuuzungumzia bila kumtaja panya. Msicheke. Wageni wakija Mtwara na Masasi wanaonyeshwa panya wa porini waliobanikwa kwenye vijiti, wanapiga picha, wanaondoka. Sisi tunamwita samaki nchanga, na mjomba wangu ni mvuvi hodari wa samaki huyo. Kuanzia mwezi wa nane nyasi zimekauka, watu wanachoma pori ili matundu yaonekane. Moto haujui mpaka wa mwindaji. Unapanda mlimani, unashuka bondeni, unaunguza vichaka vya ukingoni vilivyokuwa vimeshika udongo kwa mizizi. Oktoba ikiisha nchi iko uchi, nyeusi, imefunikwa majivu. Halafu Novemba au Desemba inakuja mvua ya kwanza.

Aliyelala huku mvua ya kwanza ikinyesha anajua nasema nini. Ni matone mazito yanayopiga ardhi isiyo na hata jani. Ndani ya nusu saa kijito kilichokuwa madimbwi kinakuja kimefura, cheusi kwanza kwa majivu, kisha chekundu kwa udongo, na juu yake kimebeba kila kilichoachwa porini miezi sita: kinyesi cha watu na cha mbuzi, viroba vya pembejeo, chupa za dawa. Siku chache baadaye zahanati inajaa watoto wanaoharisha. Watu wanasema ni maembe mabichi. Maembe yamesingiziwa mengi.

Kuna korosho pia. Juni mpaka Agosti, alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, mashine za salfa zinanguruma kijiji kizima na unga wa njano unatanda juu ya mikorosho. Bila salfa, ugonjwa wa ubwiri unga unakausha maua, na bila maua hakuna ada ya shule. Sitamwambia mtu aache. Salfa ina madhara yake ya polepole: miaka ikipita inaufanya udongo kuwa na tindikali. Kwa upande wa maji, kinachonikera zaidi ni dawa za kuchanganya na maji, na mtu anayemaliza kupulizia kisha anakwenda kuoshea bomba lake la kupulizia mtoni. Hapo hata hoja ya ada ya shule haipo, ni uvivu. Beba dumu la maji uende nalo shambani, suuza bomba hukohuko, maji ya kusuuzia yapulizie kwenye mkorosho uleule. Dawa imeshalipiwa, kwa nini uwape samaki?

Na samaki wenyewe wana kesi yao. Zamani kiangazi, mto ukibaki madimbwi, watu walitwanga majani ya utupa, wakayamwaga, samaki wakaelea wamelewa. Ilikuwa mbaya, lakini sumu ya mti inaisha nguvu baada ya siku chache. Siku hizi wapo wasiotaka kutwanga. Wanafungua chupa ya dukani. Sina la kuongeza.

Bibi yangu, mama yake mjomba, alikuwa na sheria zake kisimani, na hakuhitaji kigingi. Sufuria lenye masizi halichovywi. Sabuni haivuki mkuyu. Mti wowote unaoonekana ukiwa umeinama kuteka maji haukatwi. Kwa nini? Kuna joka, alisema, likiudhika litahama na maji yake. Nililiogopa lile joka mpaka nikawa msichana mkubwa, na ninakiri kwamba hata leo siwezi kutumbukiza sufuria jeusi kwenye kisima bila kugeuka nyuma.

Lakini sipendi makala zinazowageuza bibi zetu kuwa wataalamu wa mazingira waliojua yote. Bibi huyohuyo akiwa na mumewe walikata msitu wakapanda mtama, ardhi ilipochoka wakahama wakakata mwingine. Kilichowaokoa ni uchache wa watu. Miaka ya 1970 ilipokuja Operesheni Vijiji, watu wakaletwa pamoja karibu na barabara, visima vichache vikapata watekaji wengi ghafla. Watu walihamishwa na mbuzi wao na vyombo vyao. Joka halikuandikiwa kiwanja.

Basi, Novemba 2022 nilikwenda nyumbani na chupa tatu tupu za nusu lita. Siku ya pili baada ya mvua kubwa nikateka maji sehemu tatu: juu ya bustani ya jirani, kati ya jirani na mjomba, na chini ya mjomba. Nikaziandika kwa kalamu ya wino mzito, nikazipanga dirishani usiku kucha. Asubuhi tope lilikuwa limetua. Chupa ya kwanza utando mwembamba. Ya pili nusu ya kidole. Ya tatu kidole kizima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hizo chupa ni za nini? Umeanza uganga?"

Nikamweleza. Akazichukua moja moja, akazitazama kwenye mwanga, muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hii ya mwisho ndiyo yangu?"

"Ndiyo."

"Na ya katikati ni ya jirani." Akatabasamu. "Kwa hiyo naye ana lake."

"Kila mtu ana lake, mjomba."

Akaziweka chini. "Mwanangu, wewe unakunywa maji ya bomba Lindi. Umepanda gari umekuja kunionyesha tope ambalo mimi nimelikanyaga tangu hujazaliwa. Haya, nimeliona. Huo mchicha utanilimia wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano ya elimu, nikakutana na mabishano ya hesabu. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa ninamwomba mtu wa miaka 68 aache matuta yake bora, yenye unyevu, ili mtu asiyemfahamu huko chini ateke maji yenye afadhali. Mwenye kutoa alikuwa yeye peke yake. Tunapenda sana neno hiari tukiwa tunazungumzia mali ya mwingine.

Asubuhi nikamwambia nitalipa. Tukaenda ukingoni tukapima kwa hatua zake yeye, si kwa kamba. Akakubali kuacha hatua 15 kutoka kwenye maji, urefu wote wa bustani. Ndani yake kulikuwa na matuta 11. Tukapatana shilingi 120,000 kwa kiangazi.

"Lakini usiite msaada," akasema. "Sijakuomba msaada. Iite kodi. Umenikodi niwatunzie watu maji."

Tangu siku ile nimelishika neno hilo.

Desemba tukapanda matete, pingili zenye macho matatu matatu, tumezilaza mshazari kwa mistari ya kupishana ili maji yasipate njia iliyonyooka. Nyuma yake tukaotesha mikuyu michache. Mwaka wa kwanza mbuzi walikula karibu yote, na mbuzi wenyewe walikuwa wa mjomba. Desemba 2023 tukaanza upya, safari hii na uzio wa miiba. Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoharibu barabara kule Kilwa nilikuwa Dar es Salaam, nikakwama, nikawa ninapiga simu kila jioni kuuliza habari za majani kama vile nimeacha mtoto mchanga.

Nilipofika, nusu ya matete haikuwepo. Ukingo ulikuwa umebomoka pamoja nayo. Lakini kwenye nusu iliyobaki, upande wa juu, mjomba alinionyesha kitu: tuta jipya la mchanga na udongo mweusi lililojijenga lenyewe mbele ya matete, limefika nusu ya mpini wa jembe. Ndani yake kulikuwa na maganda, mifuko, ndala moja ya mtoto. Maji yanayokimbia yanabeba, yakipunguzwa mwendo yanatua mzigo. Ukuta hauhitajiki, majani mengi yaliyosongamana yanatosha. Nililisimamia lile tuta nikahesabu: huu ndio mzigo ambao haukufika Kitunda.

Tukajaza pengo. Sasa hivi matete yamenipita urefu. Mjomba anakata, analisha mbuzi, mzigo mwingine anauza kwa mwenye ng'ombe wa maziwa wawili karibu na barabara. Na limetokea jambo ambalo hatukulipanga: panya wamehamia humo. Samaki nchanga wamejaa kwenye matete, wanene, na mjomba hawezi kuwasha kiberiti kwa sababu ataunguza malisho yake na kodi yake. Kwa hiyo anatega mitego. Anasema wa mitego ni watamu zaidi, hawana harufu ya moshi. Miaka yote niliyomhubiria kuhusu moto hakunisikiliza hata siku moja.

Baada ya mjomba ikawa zamu ya jirani. Jirani naye akauliza swali ambalo nililitarajia: "Kodi yangu mimi atalipa nani?" Siwezi kulipa kijito kizima. Mwezi wa saba nikaomba dakika chache kwenye kikao cha kitongoji, na watu wa kamati ya maji ya kijiji cha chini wakaja, maana wao ndio wanateka. Pale kila ndoo inalipiwa. Pendekezo langu lilikuwa sehemu ndogo ya fedha ile ipande juu, kwa wanaoacha ukingo.

Kulikuwa na kelele. Mzee mmoja wa kijiji cha chini alisimama akasema, "Kumlipa mtu asichafue maji ni kumlipa mwizi asiibe." Akapigiwa makofi, na kusema kweli hata mimi mkono uliniwasha kupiga.

Nimelifikiria neno lake kwa wiki nyingi, na nadhani ana haki nusu. Anayeoshea bomba la dawa mtoni, anayemwaga sumu ya samaki, anayekwenda haja kubwa ukingoni wakati anaweza kuchimba choo, hao hawastahili hata senti. Wanaacha ubaya, hawatoi mali. Lakini anayeacha hatua 15 za ardhi yake bora ametoa mali. Hilo ni shamba, na shamba lina bei. Tukichanganya makundi haya mawili tutawalipa wahuni na kuwaonea wakulima.

Hapo ndipo nilipotaka kuwarudisha Uluguru. Milima ileile iliyokataa matuta ya amri mwaka 1955 ndiyo inayolisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Nusu karne baadaye ulikuja mpango mwingine, uliosimamiwa na mashirika ya CARE na WWF: wakulima wa juu walipewa malipo kwa kulima kwa namna ya kuhifadhi udongo, na baadhi ya fedha ilitoka kwa watumiaji wakubwa wa maji wa chini, DAWASCO, kampuni ya maji ya Dar es Salaam wakati ule, ikiwemo. Wakachimba matuta. Na New York, jiji la watu zaidi ya milioni 8, mwaka 1997 lilifanya mapatano na watu wa milima ya Catskill, ambako maji yake mengi yanatoka. Jiji likagharimia uzio wa ng'ombe na mabanda ya samadi kwenye mashamba ya waliokubali, ili likwepe kujenga mtambo wa kuchuja uliokadiriwa kugharimu mabilioni ya dola. Habari za New York sikuzitaja kikaoni. Ningezitaja wangenipa jina, na jina la kijijini halifutiki.

Kikao hakikuamua. Kamati ya maji ilisema italipeleka jambo kwa wanachama wake, ambayo ni lugha ya kikao. Kilichopatikana ni kimoja: jirani alisimama mwenyewe, hakuna aliyemtaja, akasema bomba lake la dawa halitaonekana tena mtoni. Aliketi haraka.

Wiki mbili baadaye, jua linazama, akatokea kwa mjomba na panga mkononi. Walisalimiana kirefu, wakaulizana habari za korosho, za watoto, za mguu wa mjomba. Mwishowe akasema amekuja kuomba pingili.

"Za hatua ngapi?" mjomba akauliza.

"Tano. Tano tu, nione." Akainama akaanza kukata, kisha akanyanyua kichwa akanitazama mimi. "Na nisione mtu na kamba."